Wiki za mwanzo za kasuku mdogo nyumbani: jinsi ya kumtuliza na kumzoesha mkono

Kasuku mdogo wa kijani au wa bluu, mwenye michirizi myeusi mgongoni na mkia mrefu, ana uzito wa gramu 30 hadi 40 tu. Wafugaji humwita baji. Wauzaji wengine humwita lavubadi, lakini lavubadi ni ndege mwingine, mnene, mwenye mkia mfupi, na mmoja wao, lavubadi wa Fischer, kwao ni kaskazini mwa Tanzania. Kwao baji ni nyika kame za ndani ya Australia. Mtaalamu wa ndege Mwingereza, John Gould, alimpeleka Uingereza mwaka 1840, na tangu hapo amekuwa akizalishwa tunduni, vizazi kwa vizazi. Hata hivyo bado ana akili ya ndege anayewindwa. Huko porini huruka kwa makundi, na mwewe humshukia kutoka juu. Kwa hiyo mkono unaoingia kwa mlango wa juu wa tundu, hata ukiwa umebeba chakula, kwake ni mwewe. Ukilielewa hilo utajua kwa nini ndege wengi huletwa nyumbani wakakaa mwaka mzima wakipigapiga mbawa kila mtu akikaribia: walishikwa kwa nguvu siku ya kwanza, wakashikwa tena siku ya pili, na wakajifunza kwamba mkono unakamata.

Andaa tundu kabla ndege hajafika, maana kupanga vyombo huku yeye amo ndani ni kumtia hofu mara mbili. Tundu la ndege mmoja au wawili lisipungue urefu wa sentimita 60, upana wa 40 na kimo cha 40. Urefu wa ubavuni ndio wa maana kuliko kimo, kwa sababu baji huruka kwenda mbele, hapandi juu kama helikopta. Matundu mazuri ya duara yanayoning'inizwa dirishani hayafai: hayana kona ya kujificha. Nafasi kati ya waya na waya isizidi milimita 12, la sivyo atapitisha kichwa na kunyongeka. Vile vijiti vya plastiki vinavyokuja na tundu vitoe, weka matawi ya mpera yaliyooshwa na kukaushwa juani, yenye unene wa milimita 10 hadi 15, mengine membamba na mengine mazito, ili nyayo zisibanwe mahali pamoja kila siku. Tawi la mparachichi usilitumie kamwe. Parachichi, tunda na majani yake, ni sumu kwa kasuku.

Weka tundu kwenye meza au stendi, kimo cha kifua cha mtu mzima, upande mmoja ukiegemea ukuta. Likiwa katikati ya chumba, ndege hana upande wa kuupa mgongo, na hatulii. Jua la moja kwa moja la saa sita mchana lisimpige, hasa Dar es Salaam na Mombasa. Ukimwona amefungua mdomo na kuachanisha mbawa na mwili, amezidiwa na joto: msogeze kivulini na umpe maji ya baridi ya kawaida, siyo ya friji. Kama stendi ina miguu, iweke kwenye mikebe yenye maji. Sisimizi hufuata mbegu, na siafu wakiingia usiku watammaliza.

Jambo la moshi tunalisisitiza kwa sababu linaua bila onyo. Mapafu ya ndege hupokea hewa kwa wepisi kuliko ya kwetu, na sumu nayo hupokelewa hivyo hivyo. Jiko la mkaa, dawa ya mbu ya kuchoma, dawa ya wadudu ya kupuliza, udi na ubani, vyote viwe mbali na chumba cha ndege. Kikaango chenye utando usiogandisha chakula, kikisahauliwa motoni kikapata joto kupita kiasi, hutoa mvuke ambao mtu huenda asiuhisi, lakini ndege aliye chumba cha pili anaweza kufa ndani ya dakika chache. Jikoni basi, au sebule iliyoungana na jiko, si mahali pake.

Akifika, usimtoe kwenye boksi kwa mkono. Funga milango na madirisha, shikiza mdomo wa boksi kwenye mlango wa tundu, subiri. Ataingia mwenyewe akiona mwanga na kijiti. Kama una ndege wengine, huyu mgeni akae chumba tofauti siku 30 hadi 45, na wahudumie wale wa zamani kwanza, yeye mwisho, kisha nawa mikono. Kasuku wanaweza kubeba bakteria aitwaye Chlamydia psittaci bila kuonekana wagonjwa, na bakteria huyo humwambukiza binadamu kupitia vumbi la kinyesi kikavu. Lowesha kinyesi kwa maji kabla ya kukikwangua. Mtu wa nyumbani akipata homa kali na kikohozi, amweleze daktari kwamba anafuga kasuku.

Siku tatu za mwanzo kazi yako ni moja: kuhakikisha anakula. Mengi huharibika hapa. Baji humenya kila mbegu na kuliacha ganda palepale kwenye kibakuli, kwa hiyo jioni kibakuli huonekana kimejaa, kumbe ni makapi matupu, na ndege analala njaa. Kila asubuhi na jioni puliza makapi, chini yake utaona mbegu zilizobaki. Ndege mmoja hula vijiko viwili vidogo vya chai vya mbegu kwa siku, takriban. Mchanganyiko wa uwele na ulezi unafaa, ukiongeza mtama mdogo kidogo. Tawanya kiasi kidogo pia kwenye sakafu ya tundu, kwani ndege mwenye hofu mara nyingi hashuki kwenye kibakuli asichokijua, bali hudonoa chini, kama afanyavyo porini. Muulize aliyekupa alikuwa akila nini, na umpe hicho hicho wiki ya kwanza hata kama si kizuri. Kubadilisha chakula kutakuja baadaye.

Kinyesi ndicho kipimo chako. Tandika karatasi nyeupe chini. Kinyesi cha kawaida ni kidogo, cheusi au kijani iliyokolea, chenye kitone cheupe katikati. Siku ya kwanza kinaweza kuwa cha majimaji kwa sababu ya woga, na hilo lisikutishe. Lakini kikiwa kichache sana kwa siku nzima, ujue hali chakula. Ndege aliyejikunyata akavimbisha manyoya mchana kutwa, anayekaa sakafuni, au ambaye mkia unapanda na kushuka kila anapovuta pumzi, huyo ni mgonjwa, si mwoga, naye apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Ndege huficha ugonjwa mpaka amezidiwa, kusubiri kesho ni kuchelewa. Mwoga hujibana: manyoya yamelala, shingo ndefu, mwili mwembamba kama kidole, hatikisiki.

Usiku alale kwa muda wa saa 10 hadi 12. Funika pande tatu za tundu kwa kanga nyepesi, uache upande mmoja wazi kwa hewa, na uwashe taa ndogo sana chumbani. Baji hushtuka gizani, akaanza kupigapiga waya na kujiumiza mbawa. Ukisikia hivyo, washa taa, ongea kwa sauti ya chini, usiingize mkono.

Kuanzia siku ya nne, anza kukaa karibu naye dakika 10 hadi 15, mara mbili au tatu kwa siku. Soma gazeti kwa sauti, menya maharage, fanya kazi yako. Usimkodolee macho, maana mnyama anayewinda ndiye anayetazama kwa macho mawili bila kupepesa. Dalili unazozisubiri ni ndogo na nzuri kuziona: anajitikisa manyoya yote mara moja kisha anaanza kujinyoosha, anasimama kwa mguu mmoja, anasaga mdomo taratibu kwa mlio wa kukwaruza kabla ya kusinzia. Ndege anayefanya hivyo mbele yako amekukubali chumbani.

Hapo weka mkono nje ya tundu, umelala kwenye waya, utulie. Siku mbili tatu zinatosha kwa wengine, wengine watataka wiki. Kisha ingiza mkono kwa mlango wa ubavuni, chini ya usawa wa kifua chake, ukiwa na shuke la uwele urefu wa kiganja. Simamisha mkono pale anapoanza kujibana, hapo hapo, usiendelee hata sentimita moja. Akilegea, baki. Akirudi nyuma tena, wewe ndiye urudi. Hii ndiyo siri yote ya kazi hii: ndege anapogundua kwamba akikataa unasikia, haoni sababu ya kukimbia. Watu wengi huvunja hapa kwa haraka. Ndege akiganda asitikisike mkono ukimkaribia, wao husema amezoea. Hajazoea, amekata tamaa, na siku akipata upenyo atauma au ataruka.

Mara ya kwanza atanyoosha shingo mpaka karibu aanguke, miguu imeng'ang'ania kijiti, adonoe mbegu moja na kurudi. Mwache. Siku zinazofuata shika shuke fupi zaidi, mpaka ili alifikie lazima akanyage kidole. Akishazoea hilo, weka kidole cha shahada juu kidogo ya miguu yake, chini ya tumbo, gusa kwa upole na useme neno lile lile kila siku, mathalani "panda". Atapanda kwa sababu mwili wake unatafuta mahali pa juu. Shuke hili lisiwemo tunduni muda mwingine wowote. Likipatikana siku nzima, mkono wako hauna thamani.

Mchukue aliye mdogo kama unaweza kuchagua. Baji wa chini ya miezi minne ana michirizi paji la uso mpaka kwenye ngozi ya pua, na jicho lake ni jeusi tupu. Mkubwa ana paji safi na duara jeupe kuzunguka mboni. Mkubwa anazoeshwa vilevile, ila wiki sita zaweza kuwa miezi sita. Wawili pamoja huchelewa zaidi kumzoea mtu, kwa kuwa wanatoshana, lakini ukiondoka nyumbani alfajiri na kurudi jioni, mmoja peke yake ataumia. Tunaona ni heri wawili wasiozoea mkono kuliko mmoja mpweke.

Baada ya wiki ya pili ongeza mboga: sukuma wiki, majani ya karoti, karoti iliyoparuzwa. Mchicha kidogo tu, si kila siku. Kitunguu, chokoleti, kahawa na vyenye chumvi visimfikie. Ukibana kwenye waya mfupa mweupe wa ngisi uliookotwa ufukweni, ukalowekwa maji baridi siku chache na kukaushwa juani, atapata kalisi na kunoa mdomo. Majani ya sukuma wiki yakiwa na maji mengi, usishangae akijigaragaza juu yake badala ya kuyala. Anaoga.

Kumtoa tunduni kungoje mpaka apande kidole bila kusita kwa siku tano mfululizo. Zima feni ya darini, funika kioo na vidirisha kwa pazia, paka atoke, sufuria na ndoo za maji zifunikwe. Fungua mlango na umwache atoke mwenyewe kabla ya mlo wa jioni, akiwa na njaa kidogo, chakula kikiwa tunduni. Akikataa kurudi, usimkimbize. Punguza mwanga, mpelekee kidole na shuke, na kama hakuna njia nyingine, subiri giza liingie, umfunike kwa kitambaa chepesi na kumrudisha. Kesho yake rudi nyuma hatua moja: kidole ndani ya tundu, mlango umefungwa.