Kutafuta Michezo ya Mahandaki kwa Kompyuta za Zamani zenye Kumbukumbu Ndogo

Mtu anayetaka mchezo wa mahandaki, yaani ule ambao mchezaji huteremka chini ya ardhi ngazi baada ya ngazi akipigana na mazimwi na kuokota hazina, na anayeutaka kwa kompyuta ya nyumbani ya miaka ya 1980, kwa kawaida huanza kwa kutafuta jina la mchezo. Nashauri aanze kwa kuhesabu baiti (vipimo vya kumbukumbu; kilobaiti 1 ni baiti 1024) zinazobaki baada ya mashine kuwashwa, kwa sababu kiasi kilichotangazwa kwenye kasha si kile ambacho mchezo utapewa. Commodore VIC-20 ina kilobaiti 5 za kumbukumbu, lakini ikiwashwa huandika yenyewe kwenye skrini 3583 BYTES FREE, yaani baiti 3583 ziko wazi. ZX Spectrum ya kilobaiti 16 hutenga baiti 6912 kwa picha ya skrini peke yake. ZX81 isiyoongezwa chochote ina kilobaiti 1, na skrini yake ikijaa huchukua baiti 793 kati ya hizo, hivyo mwenye mashine hiyo asijisumbue kabla hajapata kiongezi cha kilobaiti 16. Akikipata akikaze vizuri, kwani kikitikisika kidogo tu mashine husahau kila kitu.

Nitaeleza zaidi kuhusu VIC-20, maana ndiyo inayowatatiza wengi. Ukiwa na diski au faili la picha ya diski (nakala ya diski nzima ndani ya faili moja), andika LOAD"$",8 kisha LIST, nawe utaona orodha ya programu, kila moja ikiwa na namba upande wa kushoto. Namba hiyo ni idadi ya vipande, na kila kipande hubeba baiti 254 za programu. Kwa hiyo mchezo wa vipande 14 unakaribia kabisa kuijaza mashine isiyoongezwa kumbukumbu, na kwa kweli hautafaa, kwa kuwa ramani ya handaki, nguvu za mchezaji na majina ya silaha huhitaji nafasi yao mara tu unapoandika RUN ili kuuanzisha. Mchezo unaopakiwa salama kisha ukaleta OUT OF MEMORY (kumbukumbu imekwisha) si lazima uwe umeharibika. Kwa michezo iliyoandikwa kwa BASIC, lugha ya programu iliyomo ndani ya mashine hizi, mimi hutafuta ya vipande 10 au pungufu.

Kuna kosa la upande wa pili ambalo watu hawalitarajii, nalo ni kumbukumbu kuzidi. VIC-20 ikiongezewa kilobaiti 8 au zaidi, huhamisha skrini yake kutoka anwani (namba ya mahali ndani ya kumbukumbu) 7680 hadi 4096. Mashine inaweza kuihamisha programu ya BASIC ianzie mahali papya, lakini haiwezi kurekebisha amri za POKE zilizomo ndani yake, zile zinazoandika moja kwa moja kwenye anwani iliyotajwa, hivyo mchezo ulioandikwa kwa mashine tupu utaendelea kuchora kuta na mazimwi pale skrini ilipokuwa zamani, pengine juu ya mistari ya programu yake yenyewe. Niliwahi kupoteza jioni nzima nikidhani faili langu ni bovu, kumbe nilisahau kuchomoa kiongezi.

Njia ya kukwepa usumbufu huo ni kulifungua faili la PRG (faili la programu ya Commodore) kwa programu inayoonyesha baiti katika heksadesimali, yaani namba za tarakimu 16, kisha kuzisoma mbili za mwanzo, ambazo hutaja anwani programu inapoanzia. Zikiwa 01 10, mchezo ulihifadhiwa kwenye VIC-20 tupu. 01 04 huonyesha kiongezi cha kilobaiti 3. 01 12 huonyesha kilobaiti 8 au zaidi. Ukikuta 01 08, kuna uwezekano mkubwa kwamba faili hilo ni la Commodore 64.

Ukishajua nafasi uliyo nayo, tafuta michezo ambayo watunzi wake walijua kubana. Sword of Fargoal ya Jeff McCord, iliyotolewa na kampuni ya Epyx mwaka 1982, hutengeneza ngazi zake kwa kubahatisha, ila kwenye VIC-20 inadai kiongezi cha kilobaiti 16. Telengard ya Daniel Lawrence haihifadhi ramani hata kidogo: kila chumba hukokotolewa kutokana na mahali kilipo, na ndiyo maana handaki lake lina ngazi 50. Ninaousifu kuliko yote ni Dungeons of Daggorath wa TRS-80 Color Computer, ambao wote umo ndani ya katriji (kasha dogo la programu linalochomekwa kwenye mashine) ya kilobaiti 8, pamoja na mapigo ya moyo yanayokwenda mbio kadiri mchezaji anavyochoka au kujeruhiwa. Programu iliyo kwenye katriji husomwa humohumo bila kunakiliwa, kwa hiyo RAM, yaani kumbukumbu ya mashine yenyewe, hubaki kwa mambo mengine. Mwenye mashine ndogo aangalie katriji kabla ya kaseti.

Usisahau kitabu cha maelezo. Temple of Apshai ya mwaka 1979 iliweka maelezo ya vyumba kitabuni ili kuokoa nafasi, na bila kitabu hicho utazunguka gizani. Hifadhi za mtandaoni kama Internet Archive zina vitabu vingi vya aina hiyo; kwa michezo yenyewe, angalia kwanza kama mwenye haki ameruhusu usambazaji au bado anaiuza.

Kabla ya kununua kaseti, ujaribu mchezo kwenye emuleta, yaani programu inayoiga mashine ya zamani kwenye kompyuta ya leo, mfano VICE kwa mashine za Commodore au Fuse kwa Spectrum, ukiiwekea kumbukumbu ileile uliyo nayo nyumbani. Teremka ngazi tatu au nne. Ikiwa mchezo wa BASIC wa Commodore utaganda ghafla kumbukumbu ikikaribia kujaa, usiuzime upesi: huenda mashine inafagia maneno ambayo haiyahitaji tena, na kazi hiyo inaweza kuchukua muda kabla zimwi lililo mbele yako halijasogea.