Picha ya mandharinyuma isipoonekana kwenye kivinjari: namna ya kutafuta kosa

Anayejifunza kutengeneza tovuti hukutana mapema na hali hii: ameandika `background-image` kwenye faili lake la CSS (faili la mitindo ya ukurasa), amehifadhi, amefungua ukurasa, na mahali pa picha anaona weupe mtupu. Lebo ya `img` inapokosa picha yake, kivinjari huweka kialama kidogo cha picha iliyovunjika au maneno mbadala, na mtu anajua kuwa kuna kilichokosekana. Picha ya mandharinyuma haina kialama cha namna hiyo. Ikikosekana, kivinjari hunyamaza na kuendelea kuchora sehemu nyingine za ukurasa kana kwamba hakuna kilichoagizwa. Ukimya huo huwafanya watu waanze kubahatisha: wanabadilisha jina la faili, wanaongeza mkwaju (`/`), wanafuta alama za kunukuu, na baada ya saa nzima hawakumbuki tena walianzia wapi na wamegusa nini.

Kwa hiyo naomba usiguse msimbo wako kwanza. Kabla ya kurekebisha lolote, tafuta jibu la swali moja: je, kivinjari kiliiomba picha hiyo, na kama kiliiomba, seva ilijibu nini? Kwenye kompyuta bonyeza F12 ili kufungua zana za wasanidi, nenda kwenye kichupo kilichoandikwa Network, kisha, kichupo hicho kikiwa wazi, pakia ukurasa upya kwa kubonyeza Ctrl, Shift na R kwa pamoja, ili kivinjari kisitumie nakala za zamani kilizojiwekea. Chuja orodha ibaki na picha tu, na utafute jina la picha yako. Utakuta mojawapo ya hali tatu: picha imeombwa lakini haikupatikana, au haikuombwa kabisa, au imeombwa, imefika salama, na bado haionekani. Ukishajua uko kwenye hali ipi, theluthi mbili za uwezekano umeshaziondoa mezani.

Imeombwa, haikupatikana

Ukiona namba 404 pembeni ya jina la picha, bonyeza mstari huo na usome anwani kamili iliyoombwa, herufi kwa herufi, kwa sababu kosa liko ndani ya anwani hiyo. Sababu inayoongoza ni njia ya faili. Tuseme ukurasa wako ni `index.html`, faili la mitindo liko `css/mtindo.css`, na picha iko `picha/bahari.jpg`. Mtu huandika hivi:

```
.kichwa {
  background-image: url("picha/bahari.jpg");
}
```

Anaandika hivyo kwa kuwa, akiwa amekaa kwenye `index.html`, folda ya picha anaiona pale pale. Lakini njia iliyoandikwa ndani ya faili la CSS huhesabiwa kuanzia mahali lilipo faili hilo la CSS, wala si mahali ulipo ukurasa. Kivinjari kinaanzia ndani ya folda ya `css`, kwa hiyo kinaomba `css/picha/bahari.jpg`, na folda hiyo haipo. Lazima kwanza kitoke nje ya folda ya `css`, na hiyo ndiyo kazi ya nukta mbili zinazofuatana, `..`:

```
background-image: url("../picha/bahari.jpg");
```

Wengine hupendelea kuanza na mkwaju, yaani `url("/picha/bahari.jpg")`, ili njia ihesabiwe kutoka kwenye mzizi wa tovuti. Ni njia nzuri pale tovuti inapokaa kwenye kikoa (domain) chake yenyewe. Tovuti ikihamishiwa ndani ya folda ndogo ya kikoa kingine, au ukurasa ukifunguliwa kwa kubofya faili moja kwa moja kwenye kompyuta, mzizi unakuwa mwingine na picha inapotea. Mimi hutumia nukta mbili kwa miradi midogo, kwa kuwa inafanya kazi vilevile kwenye kompyuta yangu na kwenye seva.

Kuna kosa jingine ambalo halijitokezi hadi siku ya kupandisha tovuti mtandaoni. Niliwahi kutengeneza ukurasa wa nyumba ya wageni ya pwani, na picha ya bahari iliyotanda juu ya ukurasa ilipendeza sana kwenye kompyuta yangu ya Windows. Nilipopandisha mafaili kwenye seva, jioni ile mwenye nyumba alinipigia akiniambia kuwa juu pako peupe. Picha ilikuwa imetoka kwenye kamera ikiwa na jina `Bahari.JPG`, nami kwenye CSS nilikuwa nimeandika `bahari.jpg`. Windows huyachukulia majina hayo mawili kuwa kitu kimoja. Seva nyingi zinaendeshwa na Linux, ambayo huyaona kuwa mafaili mawili tofauti kabisa. Ugumu unaongezeka kwa sababu Windows kwa kawaida huficha kiendelezi cha jina, hivyo unaona neno Bahari tu na hujui kama mwishoni kuna `.jpg`, `.JPG`, `.jpeg` au hata `.jpg.jpg`. Washa mpangilio wa kuonyesha viendelezi vya majina ya mafaili, na uwe na desturi ya kuandika majina yote kwa herufi ndogo.

Picha nyingi tunazotumiwa na wateja huja kwa WhatsApp, nazo ukizihifadhi kwenye kompyuta hubeba majina marefu yenye nafasi, mfano `WhatsApp Image 2024-03-11 at 10.22.05 (1).jpeg`. Ukiliweka jina kama hilo ndani ya `url()` bila alama za kunukuu, zile nafasi na yale mabano yanaivunja amri yote, na kivinjari kinaitupa. Alama za kunukuu zinaokoa, lakini dawa ya kudumu ni kulibadilisha jina kabla hujaanza kazi: `bahari-asubuhi.jpeg` linatosha, na miezi sita baadaye utaelewa ni picha gani.

Alama za kunukuu zenyewe nazo zikaguliwe. Msimbo ulionakiliwa kutoka Word, au uliopitia programu yoyote inayopamba maandishi, huja na alama zilizopinda “ ” badala ya zile zilizonyooka. Kwa CSS alama zilizopinda hazina maana ya kunukuu. Zinachukuliwa kuwa sehemu ya jina la faili. Ukiona kwenye anwani iliyoombwa kuna `%E2%80%9C` kabla ya jina la picha, hiyo ndiyo alama iliyopinda ikiwa imeandikwa kwa namna ya anwani za mtandao. Ifute, uiandike upya kwa kibodi ndani ya kihariri cha msimbo. Vivyo hivyo mkwaju wa nyuma unaotumiwa na Windows, kama katika `picha\bahari.jpg`, haufai hapa, kwani katika CSS alama hiyo ina kazi nyingine na itaiharibu njia yako.

Namba ikiwa 403, kwa kawaida faili lipo lakini seva imekataa kulitoa. Kwenye seva ya Linux kagua ruhusa: kwa kawaida faili la picha huwa 644 na folda 755. Kama picha umeiunganisha kutoka tovuti ya mtu mwingine, huenda mwenyewe amezuia picha zake zisichukuliwe na kurasa za nje, na ana haki hiyo. Tafuta picha uliyoruhusiwa kuitumia na uiweke kwenye seva yako.

Haikuombwa kabisa

Hali hii maana yake ni kwamba kivinjari hakikuisoma amri yako, au kimeisoma lakini hakikupata elementi (kipande cha ukurasa, mfano `div`) ya kuitumia. Hakikisha kwanza kuwa faili la CSS lenyewe limefika, kwa kulitafuta kwenye kichupo kilekile. Kisha nenda kwenye kichupo cha Elements, chagua elementi unayotaka iwe na picha, na usome mitindo inayoonyeshwa pembeni. Kama kiteuzi chako (mfano `.kichwa`) hakimo kwenye orodha hiyo, jina la klasi halilingani na lililo kwenye HTML. Kama kiteuzi kimo lakini mstari wa `background-image` umewekewa alama ya onyo, umeandikwa vibaya. Kama umekatwa kwa mstari bila onyo, kuna amri nyingine iliyoushinda.

Makosa ya uandishi yanayosumbua zaidi ni kusahau nukta mkato mwishoni mwa mstari uliotangulia, na kuandika maelezo kwa mikwaju miwili kama ilivyozoeleka kwenye JavaScript. CSS haiyatambui maelezo ya namna hiyo, na mstari unaofuata mikwaju hiyo ndio unaoumia. Maelezo ya CSS hukaa kati ya `/*` na `*/`. Kosa jingine ni kuandika `url(var(--picha))`. Haifanyi kazi. Neno `url()` lote liwekwe ndani ya kigeu (variable), yaani `--picha: url("../picha/bahari.jpg")`, kisha uandike `background-image: var(--picha)`.

Imefika, haionekani

Hapa ndipo nimewaona wanafunzi wakikata tamaa, kwa sababu njia ni sahihi, namba ni 200 (yaani seva imejibu vizuri), na bado pako peupe. Kabla ya yote bonyeza mstari wa picha uone kama zana zinakuonyesha picha yenyewe. Seva nyingine, faili linapokosekana, hurudisha ukurasa wa HTML kwa namba 200, nawe ukadhani picha imefika. Pia picha iliyopigwa kwa iPhone huweza kuwa ya aina ya HEIC, ambayo Chrome na Firefox hazionyeshi. Kubadilisha kiendelezi kiwe `.jpg` hakubadilishi kilichomo ndani, hivyo ifungue kwa programu ya picha na uihifadhi upya kuwa JPEG au WebP.

Ikiwa picha ni nzima, pima kimo cha elementi. Picha iliyowekwa kwa lebo ya `img` ina upana na kimo chake, nayo hujitengea nafasi kwenye ukurasa. Picha ya mandharinyuma haijitengei nafasi hata ya pikseli moja. Ni kama rangi ya ukutani, na pasipo ukuta haina pa kupakwa. `div` isiyo na kitu ndani ina kimo cha sifuri, na picha yake, hata iwe kubwa kiasi gani, haitaonekana. Kwenye kichupo cha Elements pitisha kishale juu ya elementi hiyo na usome vipimo vinavyojitokeza: ukiona kitu kama 1280 × 0, umeshalipata kosa. Iandikie kimo cha chini:

```
.kichwa {
  min-height: 60vh;
  background-image: url("../picha/bahari.jpg");
  background-size: cover;
  background-position: center;
}
```

Wengi hukimbilia `height: 100%` na kushangaa kuwa hakuna kilichobadilika. Asilimia ya kimo huhesabiwa kutoka kwa kimo cha elementi mzazi, na kama mzazi hakupewa kimo, hakuna cha kukipigia hesabu. Kimo cha sifuri hutokea pia pale vyote vilivyo ndani ya elementi vimewekewa `float` au `position: absolute`, kwa kuwa mzazi havihesabu tena. Kwa `float`, `display: flow-root` kwenye mzazi inatosha, kwa `position: absolute` itakubidi uandike kimo mwenyewe.

Kimo kikiwepo, tazama kama kuna `background` iliyokuja baadaye. Neno hili fupi hubeba sifa zote za mandharinyuma kwa pamoja, na kila usichokitaja hurudishwa kwenye thamani yake ya mwanzo. Ukiandika `background: #fff;` chini ya `background-image`, hukuongeza rangi nyeupe tu, umeiondoa na picha. Ukitaka rangi peke yake, andika `background-color`. Picha inapoonekana kwenye kompyuta na kupotea kwenye simu, mahali pa kwanza pa kutazama ni ndani ya `@media` (mitindo inayotumika kwa ukubwa fulani wa skrini tu), kwani mara nyingi neno hilo fupi limejificha huko.

Kama picha umeiweka kwenye `::before` (kipande cha ziada ambacho CSS hukiongeza mwanzoni mwa elementi), hakikisha kuna `content: "";`, maana bila mstari huo `::before` haitengenezwi kabisa. Na kama umeipa `z-index: -1` ili ikae nyuma ya maandishi, inaweza kuwa imerudi nyuma kupita kiasi, hadi nyuma ya rangi ya mzazi wake. Andika `isolation: isolate;` kwenye mzazi, na picha itabaki mbele ya rangi hiyo lakini nyuma ya maandishi.

Mambo mawili hufanana na kosa ingawa si kosa. Ukurasa ukichapishwa kwenye karatasi, vivinjari kwa kawaida huacha picha na rangi za mandharinyuma ili kuokoa wino. Anayechapisha huweza kuziruhusu kwenye dirisha la kuchapisha. Jingine ni uzito. Picha ya megabaiti 6 kwenye mtandao hafifu itachelewa kiasi kwamba msomaji ataondoka akiamini haipo, na bando lake limeliwa bure. Ipunguze upana hadi pikseli 1600 hivi na uihifadhi upya. Kisha uweke `background-color` iliyo karibu na rangi ya picha, ili maandishi meupe yaliyo juu yake yasomeke tangu ukurasa unapofunguka, hata kabla picha haijafika.