Mguu wa nguzo ukioza, usibomoe nyumba

Nyumba za miti na udongo hapa Tukuyu huanza kuharibika chini. Mvua hurusha tope ukutani, nguzo inalowa pale ilipochimbiwa, mchwa wanafuata, kisha mwenye nyumba anashauriwa abomoe ajenge ya tofali. Mimi ni seremala, na inaniuma nyumba nzima kuangushwa kwa sababu ya futi moja ya mti mbovu.

Uingereza zipo nyumba kubwa za mashambani za aina hiyohiyo: fremu ya mwaloni, fito zilizosukwa, udongo uliokandwa kwa majani makavu na samadi. Little Moreton Hall, kule Cheshire, ilianza kujengwa mwanzoni mwa miaka ya 1500, na ipo mpaka leo. Nguzo za fremu hizo hazichimbiwi. Hukaa juu ya boriti iliyolazwa kwenye msingi wa mawe, na kona hufungwa kwa mbao za mshazari zisiyumbe.

Fanya kazi hii kiangazi. Kwanza tegemeza mwamba, yaani boriti ya juu inayokalia nguzo, kwa magogo mawili yenye kabari, ndipo uguse nguzo. Ichome kwa bisibisi: inapozama kirahisi pameoza. Kata mpaka ufike kwenye mti mzima.

Uozo usipofika sentimita 30 juu ya ardhi, huhitaji mti mpya. Jenga mawe mpaka yaifikie nguzo. Mawe Tukuyu hayanunuliwi mbali.

Uozo ukipanda zaidi, unga kipande cha mkaratusi uliokauka. Chonga vipande vyote viwili nusu kwa nusu vilaliane: nguzo ya unene wa sentimita 15, urefu wa muungano usipungue sentimita 45. Mkato unaoonekana nje uteremke kuelekea nje, maji yasituame ndani. Toboa kwa kekee, kisha pigilia vigingi vya mti mgumu, mkavu kabisa. Msumari wa chuma hushika kutu na kulegea. Kigingi kikavu hubaki kimebana.

Ukuta rudishia udongo, umalizie kwa chokaa. Saruji nakukataza. Nyumba nyingi za Kiingereza zilipigwa lipu ya saruji karne iliyopita. Ikapata nyufa, maji yakaingia yasitoke, miti ikaoza ndani kwa ndani.

Magogo usiyaondoe siku hiyohiyo. Legeza kabari kidogo kidogo huku ukitazama timazi. Nguzo ikihama, kaza tena ukague mawe ya chini.