Kuomba shahada ya uzamili ya usuluhishi wa migogoro ukiwa Lindi au Mtwara

Nimeandika mwongozo huu baada ya kumsaidia afisa maendeleo ya jamii mmoja wa Nachingwea kukamilisha maombi yake. Unawafaa zaidi wale ambao tayari wameketi kwenye vikao vya usuluhishi: wajumbe wa mabaraza, watendaji wa kata, wasaidizi wa kisheria na watumishi wa mashirika. Si lazima uwe mwanasheria, kwa kuwa kozi nyingi za fani hii huwapokea pia waliosoma sosholojia, elimu au maendeleo ya jamii.

Hatua ya 1: Chagua kozi kabla ya kuchagua nchi

Kozi hizi ni za aina mbili. Zipo zinazochambua vita, serikali na makundi yenye silaha, kama za Bradford, Uingereza, ambako idara ya masomo ya amani ilianzishwa mwaka 1973, na za Uppsala, Uswidi. Zipo pia zinazofundisha kazi ya msuluhishi yenyewe, yaani kuongoza majadiliano, kuketi katikati ya wadaawa na kuandika makubaliano. Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, huifundisha ndani ya kitivo chake cha sheria. Ikiwa kazi yako ni mipaka ya mikorosho na mifugo iliyoingia kwenye ufuta, chukua aina ya pili bila kusita. Ikiwa kilichokusukuma ni mvutano wa gesi wa Mtwara wa mwaka 2013, aina ya kwanza inaweza kukufaa. Kwa vyovyote vile soma orodha ya masomo, kwa sababu majina ya shahada hizi hufanana mno.

Hatua ya 2: Tafuta ufadhili

Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, hudai saa 2,800 za uzoefu wa kazi na hukutaka urudi nyumbani kwa miaka miwili baada ya masomo. Ufadhili wa amani wa Rotary hudai uzoefu wa miaka mitatu kwa ngazi ya uzamili. Jaza fomu mwenyewe, usimlipe wakala.

Hatua ya 3: Vyeti

Peleka vyeti halisi steshenari vikaskaniwe kwa PDF. Usipige picha kwa simu. GPA yako iandike kama ilivyo pamoja na kipimo chake, mfano 3.8 kati ya 5, na usiigeuze mwenyewe kwenda kipimo cha 4.

Hatua ya 4: Maelezo ya nia

Haya ni maandishi unayojieleza nayo kwa chuo. Hapa ndipo muda mwingi utakapokwenda, na ni haki uende hapa. Waombaji wengi hueleza jinsi wanavyoipenda amani, ilhali msomaji wa maombi anataka kujua ulifanya nini ndani ya kikao. Chukua kaunta buku, uchague mgogoro mmoja, na uuandike kwanza kwa Kiswahili, lugha uliyousuluhishia: nani alileta lalamiko, mliketi wapi, kila upande ulidai nini, ulisema nini mazungumzo yalipokwama, nini kiliandikwa mwishoni, na kama makubaliano yalidumu hadi msimu uliofuata. Tafsiri ije baadaye.

Linganisha. "Nimesaidia kutatua migogoro mingi ya ardhi katika kata yetu" haimwambii msomaji chochote. Afadhali uandike hivi: "Ndugu wawili waligombea mstari wa mikorosho aliyoipanda marehemu baba yao. Niliwaomba wazee waliolima naye watembee nasi shambani. Tulipofika, ilibainika kwamba mpaka wote wawili waliujua. Walichogombea ni nani atavuna mwaka ule. Tuliandika makubaliano ya kupokezana mavuno hadi mirathi ikamilike."

Yapo mambo ya kuchunga. Kwanza, taja nafasi yako kwa uaminifu: mwenyekiti, katibu, mjumbe au msikilizaji. Pili, sheria uliyoifanyia kazi iwe sahihi. Baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe saba, watatu wao wanawake. Baraza la kata, tangu marekebisho ya mwaka 2021, halitoi tena uamuzi katika migogoro ya ardhi. Hupatanisha, na likishindwa ndani ya siku 30, mdai anaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kwa hiyo ukiandika kwamba mwaka 2023 baraza la kata yako "liliamua" shauri la shamba, msomaji anayeifahamu sheria atakutilia shaka kwa kila ulichoandika. Waliohudhuria mashauri ya kazi kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi nao waseme waliketi katika hatua ipi, kwa kuwa katika usuluhishi wahusika hukubaliana wenyewe, na katika uamuzi mwamuzi huwaamulia.

Tatu, linda siri za watu. Kufuta majina hakutoshi, maana kwenye kijiji kidogo ukitaja idadi ya mikorosho au jina la kitongoji, mhusika ameshajulikana. Nne, ukichagua mgogoro wa wakulima na wafugaji, eleza kwa sentensi mbili kwamba wafugaji walioondolewa bonde la Usangu miaka ya 2006 na 2007 walielekezwa pia mkoa wa Lindi; msomaji wa Bradford hatalijua hilo. Ninashauri pia uweke kikao kimoja ambacho hakikuzaa suluhu na useme kwa nini, kwa sababu hapo ndipo panapoonekana kama unafikiri kama msuluhishi.

Hatua ya 5: Wadhamini

Hawa ni watu watakaokuandikia barua za kukupendekeza. Mmoja awe mwalimu wako wa chuo, mwingine awe mtu aliyekuona ukiendesha kikao. Wape nakala ya maelezo yako ya nia mapema, ili barua zao zizungumzie kazi ileile.

Hatua ya 6: Kiingereza, na baadaye TCU

Ikiwa chuo kinadai IELTS, weka nafasi ya mtihani Dar es Salaam mapema na upange nauli na malazi. Ukihitimu nje ya nchi, peleka cheti na transkripti Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania vikatambuliwe kabla ya kuviwasilisha kwa mwajiri.