Somo: Tanga hadi Same kwa baiskeli, siku nne za nyika

Wenzangu, wengi mmeniuliza kuhusu njia ya nyika chini ya milima ya Usambara. Nimeipita mara tatu, na kila mara kilichoamua siku yangu ni maji, si kilomita.

Kwanza, msimu. Nendeni Juni hadi Septemba. Jua limepungua ukali, na kusi linavuma kutoka baharini kwenda bara, hivyo ukitoka Tanga linakusukuma mgongoni. Kurudi, pakia baiskeli kwenye basi.

Pili, njia. Siku ya kwanza Muheza, Segera, Korogwe: takriban kilomita 90. Ya pili fupi, hadi Mombo, mlale mapema. Kuanzia hapo milima iko mkono wa kulia, imejifunika wingu. Mvua ya baharini inaishia huko juu. Huku chini mnaachiwa mibuyu, migunga na makorongo ya mchanga mtupu. Ya tatu laleni Hedaru, ya nne Same.

Tatu, maji. Mimi hubeba lita 6. Kwenye lita moja natia vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Ondokeni baada ya swala ya alfajiri. Saa tano muwe kivulini, hadi saa tisa.

Nne, mbigili. Hapa nisikilizeni vizuri. Ukitoka nje ya lami, ibebe baiskeli, usiikokote juu ya majani makavu. Ukipata pancha, kabla ya kutoa mpira tia alama kwenye tairi palipo na valvu. Jaza upepo, uzungushe mpira karibu na midomo yako. Midomo huhisi upepo ambao sikio halisikii. Ukiliona tundu, pima umbali wake toka kwenye valvu, kisha tafuta mwiba kwenye tairi kwa umbali uleule, pande zote mbili. Pitisha kitambaa ndani, kitanasa. Safari ya kwanza nilibandika kiraka nikauacha mwiba, na mpira ukatoboka tena kabla sijamaliza hata kunywa maji.

Maswali

*Makorora:* Kaka, yangu haina gia. Itafika?
Itafika. Kaza spoku za nyuma, badili raba za breki. Mzigo ukae kwenye keria, si mgongoni.

*Pongwe:* Shikamoo. Hifadhi ya wanyama ya Mkomazi tunaweza kuingia na baiskeli?
Marahaba mwanangu. Mle mna tembo, simba na faru weusi. Ziacheni Same, mkodi gari.

*Ngamiani:* Malori je?
Ndiyo hatari kubwa kuliko jua. Vaeni vizibao vya kung'aa, na honi ikilia nyuma teremka pembeni mara moja. Giza likiingia, hakuna kuendesha.

*Chumbageni:* Nikitaka kupanda Lushoto?
Itengee siku yake. Kutoka Mombo ni kama kilomita 33 za kupanda, bonde jembamba, kona kwa kona. Kushuka ndiko kunakotaka akili: simama Soni penye maporomoko, tia tone la maji kwenye rimu. Likichemka, kaa chini upumzike mpaka ipoe.