SOMO: Kuiga injini ya bakteria kwenye kompyuta yako

Wakuu, meseji zimezidi, zote kuhusu ile injini ya Bangalore ya 2016: punje moja kwenye mtego wa leza, bakteria wanaogelea kuizunguka, na kazi inayotoka inaizidi ile ya injini ya maji matupu. Naandika hapa, sirudii.

1. Andika mwendo wa punje: nguvu ya mtego (−kx; k ni ugumu wa mtego, x ni umbali wa punje kutoka katikati yake), msukosuko wa maji, msukumo wa bakteria.

2. Msukumo wa bakteria uwe na kumbukumbu: udumu muda τ kabla ya kugeuka.

3. Mzunguko wa Stirling: bakteria wakiwa wachangamfu legeza mtego polepole, wapoze, kaza, wachangamshe tena.

4. Hesabu kazi. SOMA MARA MBILI. Kazi ipo pale tu k inapobadilika: nusu ya x² mara badiliko la k. Ikitoka hasi, injini imetoa. Wengi hujumlisha kx mara badiliko la x. Hiyo ni joto, kisha wanakuja kutangaza wamempita Carnot, yaani kikomo cha juu cha ufanisi wa injini ya joto. Na usiwape bakteria halijoto moja mzunguko mzima! Halijoto ambayo punje inaihisi ni T + Ta/(1+μkτ), ambapo T ni halijoto ya maji, Ta ni ukali wa msukumo wa bakteria ukipimwa kama halijoto, na μ wepesi wa punje kusogea. Ukikaza mtego inashuka yenyewe, hata kama bakteria hujawagusa. Kwa hiyo kwa kila k pima wastani wa x², zidisha kwa k, gawa kwa kisobadilika cha Boltzmann (namba inayogeuza nishati kuwa halijoto), hiyo ndiyo halijoto yako.

5. Rudia mizunguko maelfu, chukua wastani. Mzunguko mmoja unatoa kazi ya kiwango cha 10⁻²¹ J, na mmojammoja utakula badala ya kutoa. Ni kawaida.

MASWALI

Kijana wa Leza: Mkuu programu haifanyi kazi, msaada.
Jibu: Haifanyi kazi vipi? Namba 4 umesoma?

Kijana wa Leza: Nimesoma. Ufanisi wangu umepita Carnot.
Jibu: Umeweka halijoto ya maji kwenye fomula. Bakteria wanakula, na chakula chao hujakihesabu popote. Sheria ya pili ya thamodinamiki iko salama.

Binti Fizikia: Shikamoo mwalimu. Nikiwaacha bakteria vilevile, nikabadili k peke yake, sipati kazi?
Jibu: Marahaba, swali zuri sana. Ukienda polepole hupati: wastani wa x² unafuata k tu, unachopata ukilegeza unakirudisha ukikaza. Lakini umbo linaweza. Mwaka 2010 kundi la Roma na la Argonne, Marekani, waliweka gia zenye meno yaliyolala upande mmoja, bakteria wakazizungusha bila kupashwa wala kupozwa. Jaribu kuiga hiyo, nitakusaidia.

Mzee wa Data: Yangu inakesha usiku kucha.
Jibu: Acha lupu ya punje mojamoja. Weka punje 10,000 kwenye safu moja ya NumPy (maktaba ya hesabu ya Python), zisogee pamoja. Hatua ya muda iwe ndogo kuliko τ na kuliko 1/(μk) pia.

Mzee wa Data: Dakika nne! Asante mkuu.
Jibu: Sasa funga na zile tabo za Chrome.