Kabla hujachora mbele ya nyumba ya Dar

Mteja akinionyesha picha ya nyumba ya vioo, swali langu la kwanza ni hili: kiwanja kinatazama wapi? Nachora ramani Dar es Salaam, na hapa jua, upepo na mvua vina haki ya kusikilizwa kabla ya nguzo na rangi.

Anza na magharibi. Jua la alasiri hushuka likapiga moja kwa moja ndani, na zege la kutokeza juu ya dirisha halilizuii. Upande huo weka stoo, choo, ngazi. Dirisha likiwa la lazima, liwe jembamba, na mbele yake simamisha ukuta wa matofali yenye matundu. Kaskazini na kusini ni rahisi zaidi. Juni, saa sita mchana, jua likiwa kaskazini, zege lililotokeza sentimita 60 hutupa kivuli cha kama mita 1 ukutani. Desemba jua huhamia kusini, na huko zege la kipimo hichohicho hutoa kivuli cha karibu mita 2.

Kusi huvuma kutoka kusini mashariki, kaskazi kutoka kaskazini mashariki. Kila chumba kipate pa kuingilia upepo na pa kutokea. Dirisha la aluminiamu la kuteleza nalikataa kila ninapoweza: umelipia mita moja na nusu, upepo unapata sentimita 75. La bawaba hufunguka lote.

Chini ya ukingo wa kila zege lililotokeza, fundi aache mfereji mwembamba ili maji ya masika yadondoke, yasirudi ukutani na kuacha michirizi myeusi. Mafundi wengi huuruka, kwa hiyo uwepo wakati mbao za kumwagia zege zinapangwa. Karibu na bahari, zege lifunike nondo kwa sentimita 4 hadi 5, na mchanga wa ufukweni usiingie kwenye lipu, kwani chumvi yake hula chuma.

Halafu naomba baraza, yaani benchi la kukalia mbele ya nyumba, na hapa huwa sikubali haraka kushindwa. Mji Mkongwe wa Zanzibar, baraza la mawe limeungana na ukuta wa mbele, na jirani hukaa bila kubisha hodi. Sisi tunajificha nyuma ya kuta ndefu. Jenga walau benchi la zege nje ya geti, kimo sentimita 45, mahali penye kivuli jioni. Lipe mteremko kidogo kuelekea barabarani, maji yasituame.